Paka Mgeni na Mwenyeji Wake: Stori Ndefu Iliyoishia Jikoni kwa Nyanya, Bura

Nianze kwa kukiri. Ile video fupi ambayo wengi wenu mliicheka, ile ya paka wa nyanya akimzaba kofi mtoto wa paka mpaka akabingirika chini ya kochi, nimeifuta. Usiitafute. Ilikuwa ya sekunde kumi na nne, ilitazamwa kuliko kitu kingine chochote nimewahi kuweka, na bado nimeifuta. Leo nataka kueleza kwa nini. Maelezo ni marefu kidogo, yanaanzia kisiwa cha Saiprasi na kuishia jikoni kwa nyanya. Vuta kiti.

Kwanza kwa wale wa mbali: Bura ninayoisema si ile ya Tana River yenye mradi wa kunyunyizia mashamba maji. Hii ni Bura ya Taita. Ukitoka Voi unashika barabara ya Taveta, unapita Mwatate, milima inakuwa mkono wako wa kulia na tambarare ya wanyama mkono wa kushoto. Nyanya anakaa upande wa mlimani. Ana nyumba ya mabati, jiko la nje la kuni, ghala dogo la mahindi, kuku kadhaa, na paka mmoja wa kike wa miaka minane hivi. Paka hana jina. Nimejaribu kumpa majina matatu, nyanya akakataa yote. "Paka ni paka," anasema. "Nikimwita anakuja, yatosha." Tangu babu aondoke, huyo paka ndiye hulala miguuni pake.

Mwezi wa nne nikiwa natoka Mombasa, nilikuta mtoto wa paka pale steji ya Voi, ndani ya katoni iliyolowa mvua. Kwangu mwenye nyumba hataki mnyama, hata samaki wa chupa. Nikapiga hesabu ya haraka: nyanya atapata paka wa pili, paka wake atapata rafiki, na mimi nitapata video. Njiani nikambatiza Pojo, kwa sababu ya rangi ya macho. Nilipofika sikungoja hata chai. Nikasimamisha simu mezani, nikamtoa Pojo kwenye katoni, nikamweka katikati ya sebule, uso kwa uso na mwenye nyumba.

Mliona yaliyofuata. Ambayo hamkuona ni haya. Pojo alikwaruzwa nusu kidole tu kutoka kwenye jicho, na asubuhi lilikuwa limevimba likafunga kabisa. Paka wa nyanya aliruka dirishani na hakurudi usiku huo. Wala wa pili. Wala wa tatu. Na Bura si mtaa wa magorofa ambapo paka akitoka anazunguka tu kwa jirani. Ukivuka shamba la mwisho kuna fisi, kuna chatu. Usiku wa pili panya walishaingia ghalani, sijui ni nani huwapelekea habari. Nyanya hakunigombeza, na heri angenigombeza. Kila jioni alisimama mlangoni na sahani ya omena, akaita, akasubiri, akarudisha sahani ndani. Wakati huo simu yangu inalia tu, watu wanaandika "paka wa nyanya hachezi", vicheko mia mbili, mia tatu.

Usiku wa nne akarudi. Amekonda, sikio moja limechanika. Hakuingia ndani. Alikaa juu ya ukuta wa zizi akiangalia mlango. Nyanya ndipo akaniambia, bila hasira: "Bwanangu, wewe ungekuta mtu usiyemjua kitandani kwako, na hakuna aliyekuambia, ungempikia chai?"

Hapo ndipo nikaanza kusoma. Na nilichogundua ni kwamba sisi tunaopiga video za "mkutano wa kwanza" wa paka tunafanya ujinga wenye umri wa miaka elfu tisa na ushee.

Twende Saiprasi. Mwaka 2004 wanaakiolojia wa Kifaransa walieleza kaburi walilolikuta mahali panapoitwa Shillourokambos. Ndani alizikwa mtu, na karibu naye, paka wa kama miezi minane, amelazwa vizuri. Umri wa kaburi ni karibu miaka 9,500. Sasa fikiria: Saiprasi ni kisiwa, na hakikuwa na paka wa asili. Ina maana kuna mtu alimpandisha paka kwenye chombo, akavuka naye bahari, akamshusha mahali asipojua harufu hata moja. Huyo ni miongoni mwa paka wageni wa zamani zaidi tunaowajua. Alipokelewaje hatutajua, lakini angalau hakuna aliyempiga video.

Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya vinasaba vya paka 979, wa nyumbani na wa porini, kutoka sehemu nyingi za dunia. Paka wote wa nyumbani, yule wa Kariakoo, yule wa Tokyo na yule wa nyanya, walirudi kwa babu mmoja: paka pori ambaye wataalamu wanamwita Felis lybica, wa upande wa Mashariki ya Kati. Tafiti za karibuni zinavutia zaidi upande wa Afrika Kaskazini, wao wanaendelea kubishana. Kwetu sisi la maana ni tabia ya huyo babu. Ng'ombe, mbuzi, mbwa, wote wametokana na wanyama wa kundi. Unaleta mbuzi mpya, wanapigana pembe asubuhi, jioni wanakula pamoja. Paka ametokana na mnyama anayewinda peke yake, anakula peke yake, na ana eneo lake. Paka pori wa pili akiingia hapo si rafiki. Ni njaa inakuja ikitembea kwa miguu minne.

Na sasa utamu wa stori kwa mtu wa Taita: huyo paka pori hayuko kwenye vitabu tu. Yuko hapa. Anaishi Tsavo na kwenye tambarare hizi za chini ya Bura. Anafanana na paka wa kawaida wa kijivu au kahawia, ila miguu ni mirefu, milia yake hafifu, na nyuma ya masikio kuna wekundu. Ukimwona usiku kwenye taa za gari utadhani ni paka wa mtu amepotea. Yaani kwa Bura, paka pori ndiye mwenyeji halisi. Paka wa nyanya, pamoja na ubabe wake wote wa sebuleni, ukoo wake ulikuja.

Ulikujaje? Fuata chakula. Panya weusi, wale wanaopanda darini, si wa asili ya Afrika. Walitoka Asia na kusafiri na majahazi, na mifupa yao imepatikana Unguja Ukuu, Zanzibar, mji wa biashara uliokuwa ukichangamka tangu karne ya 7. Palipo na jahazi la nafaka pana panya, na baharia mwenye akili hubeba paka. Miji ya pwani ikawapokea vizuri, na dini ikasaidia: Abu Huraira, sahaba aliyepokea hadithi nyingi, jina lake la utani maana yake ni baba wa paka mdogo, na mpaka leo paka akilala uani mwa msikiti hakuna anayemfukuza. Wahenga wa pwani wakamaliza kabisa: paka wa nyumba haingwi.

Kutoka pwani kuja Bura, njia zilikuwepo. Misafara ya biashara ilipita Taita kuelekea Taveta na Kilimanjaro. Mwaka 1848 mmoja wa waliopita milima ya Bura alikuwa Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia hizo. Tarehe 11 Mei, baada ya kuiacha milima yetu, ndipo Rebmann akaona weupe wa Kilimanjaro, na wasomi wa Ulaya wakamcheka kwamba theluji haiwezi kuwa karibu na ikweta. Mwaka 1892 mapadri wa Roho Mtakatifu wakafungua misheni Bura. Miaka hiyo hiyo ya 1890 reli ya Mombasa ikafika Voi na kuendelea. Halafu mwaka 1915, vita vikiwa vimepamba moto, Waingereza wakaanza kutandika reli kutoka Voi kuelekea Taveta, na Bura ikapata stesheni yake. Msafara, misheni, stesheni: kila mmoja ulikuja na magunia. Gunia linakuja na panya, na panya akishakuja, paka hatakosa.

Kama bado unadhani unajua nani ni mgeni na nani ni mwenyeji, sikia ya kadzonzo. Wagiriama wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko Sokoke walikuwa na jina hilo kwa paka fulani mwembamba, mwenye mabaka kama gome la mti. Mwaka 1978 Jeni Slater, aliyekuwa akiishi upande wa Watamu, alikuta watoto wa paka hao kwenye shamba la minazi, akawachukua. Mwaka 1984 baadhi wakapelekwa Denmark, na mwaka 1993 shirikisho la paka la Ulaya, FIFe, likawatambua kama aina kamili, jina lao Sokoke. Watu walidhani ni mnyama wa msituni tangu zama za kale. Vinasaba vikasema vingine: ni ndugu wa paka wa mitaani wa pwani, akina Lamu, watoto wa biashara ya bahari. Hata kadzonzo alishuka jahazini.

Sasa swali ambalo najua unalo, kwa sababu nilikuwa nalo pia. Kama paka ni mpweke kiasi hicho, mbona Lamu wako makumi pamoja? Ukienda pale wanaposhusha samaki utawaona wamejipanga kama watu wa foleni ya benki. Jack Couffer, Mmarekani mpiga filamu, aliwafuatilia paka hao mpaka akawaandikia kitabu kizima, The Cats of Lamu, kilichotoka mwaka 1998.

Jibu ni chakula tena. Vichwa vya samaki vikiwa vingi na vinarudi kila siku mahali palepale, upweke unakuwa hasara. Lakini angalia vizuri kundi lenyewe. Miaka ya 1970 na 1980 David Macdonald na wenzake wa Oxford walifuatilia paka wa mashambani Uingereza, na wakaona kwamba kiini cha kundi ni majike wa ukoo mmoja: mama, binti, dada, shangazi. Hao hulea watoto pamoja, hata kunyonyesheana. Paka wa nje akija hapigiwi vigelegele. Anafokewa, anafukuzwa, anabaki pembezoni. Akikubalika, anakubalika taratibu, kutokea pembeni kuja katikati.

Mtaniuliza kuhusu simba, maana sisi wa Tsavo hatuwezi kuongea kuhusu paka bila simba kuingia. Simba ndiye paka pekee mwenye jamii ya kweli, na bado mambo ni yaleyale: majike wa kundi ni ndugu, na jike mgeni hafunguliwi mlango hivi hivi. Madume mapya wakiteka kundi mara nyingi huua watoto waliowakuta. Wale wawili waliosumbua wajenzi wa reli mwaka 1898, ambao sasa wamo ndani ya jumba la makumbusho kule Chicago, walifahamiana. Turudi kwa wadogo.

Kinachowafanya paka wa kundi moja wajuane si sura. Hapa ndipo nilijiona mjinga kabisa, maana mimi nilipanga mkutano wa macho. Paka ana tezi za harufu mashavuni, kwenye paji, chini ya nyayo, kwenye shina la mkia. Akijisugua kwenye mguu wa meza anaandika, na akijisugua kwako anakuandika wewe. Paka wanaoishi pamoja husuguana mpaka wote wanakuwa na harufu moja, harufu ya ukoo kama jina la mwisho kwenye kitambulisho. Mtu asiye na harufu hiyo hana kitambulisho. Pojo aliingia sebuleni akinuka katoni, mvua, dizeli ya matatu na jasho la mikono yangu. Kwa paka wa nyanya huyo hakuwa mtoto. Alikuwa mvamizi mwenye miguu mifupi.

Kuna Mjerumani mwingine, Paul Leyhausen, aliyeangalia paka kwa miaka mingi katikati ya karne iliyopita. Aliona kwamba paka wanaotembea huru hutumia njia moja kwa zamu. Wa kwanza akiwa njiani, wa pili hukaa chini mbali, anaangalia kando, anasubiri. Hakuna vita wala salamu. Amani ya paka, kwa sehemu kubwa, ni sanaa ya kutokutana. Nikakumbuka sebule ya nyanya: mlango mmoja, simu imesimama mezani, mimi nimeziba dirisha ili mwanga ukae fiti. Niliwanyima wote wawili njia ya kusubiri.

Haya, nyanya alifanyaje? Hajasoma kitu kuhusu Leyhausen, na nikimtajia hilo jina atauliza kama ni dawa ya kikohozi.

Alichukua kikapu chenye kifuniko, akatandika kipande cha leso kuukuu ndani, akamweka Pojo, akakitundika kwenye nguzo ya jiko, mbali na moto lakini ndani ya ule moshi mwembamba unaonukisha kila kitu cha nyumba ile: mablanketi, nguo za kanisani, sisi wenyewe. Akamtoa mara kadhaa kwa siku ale, ajisaidie kwenye beseni la majivu, acheze kidogo mlango ukiwa umefungwa, kisha anarudi. Kipande kingine cha leso hiyohiyo akamtandikia paka mkubwa pale ukutani kwa zizi alipokuwa amegoma. Baada ya siku mbili akabadilisha: kitambaa cha mkubwa kikaingia kikapuni, cha mdogo kikawekwa chini ya sahani ya omena ya mkubwa.

Mkubwa alinusa. Akafoka, "hhhss", akarudi nyuma, akaangalia kitambaa kama deni. Kisha akala. Alivyomaliza kula, nyanya akasema, "Ameshasoma barua."

Nilidhani kesho yake tutawakutanisha. Si mnajua methali, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyanya akacheka. "Huyu hapewi jembe siku ya tatu. Hata mlango hajaonyeshwa."

Siku ya tano paka mkubwa aliingia jikoni mwenyewe, kwa sababu jioni kulikuwa na baridi na jiko ni lake. Akakaa chini ya kikapu. Kikapu kikalia. Akaangalia juu kwa muda mrefu, mdomo umefunguka kidogo. Nilidhani ni hasira, kumbe paka ana kiungo cha pili cha kunusia juu ya kaakaa, na akifungua mdomo hivyo anavuta harufu aichambue. Nyanya aliendelea kusonga ugali kama hakuna kinachotokea. Nilitaka sana kuchukua simu. Sikuichukua.

Siku ya saba wakala pande mbili za mlango mmoja uliofungwa kwa kamba, nafasi ikiwa ya kupitisha pua tu. Siku ya tisa makucha yalipita, si ya kupiga, ya kupapasa. Siku ya kumi na moja mlango ulifunguliwa, nyanya akiwa amekaa hapo hapo akichambua maharagwe, na juu ya dirisha akawa ameacha gunia lililokunjwa ili mkubwa awe na mahali pa kupanda asichoke kuangalia. Mtoto alimkimbilia. Akafokewa, akapigwa kofi moja, safari hii kucha zimefichwa. Akarudi nyuma, akakaa chini, akaangalia kando. Alikuwa amejifunza kusubiri njiani.

Nimelinganisha na wanavyoshauri madaktari wa wanyama siku hizi. Chumba tofauti kwanza, kubadilishana vitambaa, kula pande mbili za mlango, kuonana kwa ufa, mikutano mifupi mtu akiwepo, mahali pa juu pa mkubwa kukimbilia, siku kumi mpaka wiki kadhaa. Ni kikapu cha nyanya, kimepigwa chapa. Tofauti moja tu, na hapo lazima niwe mkweli: nyanya hakuwa na haja na daktari, na mimi nilikuwa nayo. Nilimpeleka Pojo Voi kwa ajili ya jicho. Akapewa dawa ya kupaka na ya minyoo, nikaambiwa akifika miezi mitatu arudi kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, na mkubwa naye achanjwe. Kule kutengana kwa siku za kwanza pia kunazuia viroboto na mafua ya paka yasimfikie mwenyeji. Na wote wawili wafungwe uzazi. Hili kwa Bura lina uzito wa ziada, maana paka wa nyumbani akizurura anazaa na paka pori, na vizazi vichache baadaye mwenyeji halisi wa nchi hii anabaki na jina tu.

Wewe wa keja ya chumba kimoja Kasarani au Bamburi, najua unasema huna jiko la nje wala nguzo. Una bafu. Mweke mgeni huko na maji, chakula, beseni lake la mchanga na fulana yako ya jana. Kama bafu ni la nje la watu wanane, katoni kubwa iliyofunikwa neti ya mbu, mahali pa juu, itafanya kazi ya kikapu. Fulana mbili ndizo barua zako. Sahani zisikae bega kwa bega. Mabeseni ya mchanga yawe zaidi ya idadi ya paka ukiweza, kwa sababu choo nacho ni mpaka wa nchi. Kufoka ni maongezi, usiingilie. Ila mmoja akiacha kula, au akimvizia mwenzake kila anapokwenda kujisaidia, rudisha mlango, anza upya nyuma kidogo. Na usimpige mkubwa. Atajifunza kwamba siku anapokuja huyu mdogo ndiyo siku ya kupigwa, na utakuwa umeharibu zaidi kuliko kofi lenyewe.

Na acheni kamera. Najua nani anasema. Video yangu iliniletea wafuasi wengi kuliko kazi yangu ya mwaka mzima ya stori za reli na milima, na wengine wenu mmefika hapa kupitia hiyo. Karibuni. Lakini ukitazama video nyingine ya aina hiyo, angalia macho ya paka mkubwa kabla ya kofi: meusi, yamepanuka, masikio yamelala, anaangalia mlango. Anatafuta pa kupitia. Aliyeshika simu ndiye amesimama mlangoni.

Nilirudi Bura wiki iliyopita. Hawapendani, nisiwadanganye. Mkubwa analala miguuni pa nyanya kama zamani, Pojo analala kwenye kikapu, ambacho sasa kimeshushwa na hakina kifuniko. Asubuhi wanapishana mlangoni, mkubwa kwanza. Jicho lilipona, limebaki na alama ndogo kama koma. Ghalani panya wamepungua, ingawa nyanya anasema Pojo mpaka sasa ameua mjusi mmoja na soksi yangu.

Kimebadilika kitu kimoja ambacho sikutegemea. Jioni nyanya alisimama mlangoni na sahani ya omena, akaita "paka!" kama kawaida, na wakaja wawili, Pojo mbele anakimbia, mkubwa nyuma amekasirika. Nyanya akaniambia jambo hilo limemsumbua wiki nzima, mpaka ikabidi yule wa zamani apewe jina. Anamwita Mwenyewe.